Cruel, brutal, ruthless au callous: lipi liandikwe pale Kiswahili kinaposema "katili"

Baba mwenye nyumba aliyeng'oa mlango wa mpangaji usiku wa mvua ni katili. Vibaka waliomkatakata mtu kwa panga ili wachukue simu ni makatili. Mwenye kampuni aliyeachisha kazi watu mia wiki moja kabla ya Idi naye ni katili, na mhudumu anayechezea simu huku mgonjwa analia kwenye benchi watu watamwita hivyo hivyo. Kwa Kiswahili hakuna wa kukusahihisha. Wapeleke wote wanne kwenye Kiingereza kwa neno moja, "cruel", na mhariri anayejua kazi yake atakurudishia watatu.

Ulinganisho huu ni wa watu wanaoandika Kiingereza huku wakifikiri kwa Kiswahili: mwandishi wa habari anayewahi muda wa kufunga ukurasa, ofisa wa shirika la Mikocheni anayeandaa ripoti ya mfadhili, mfasiri wa nyaraka za mahakama, anayetia maandishi ya chini kwenye filamu za Bongo, na mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye insha mkononi. Maneno makuu ni manne. Jamaa zao watatajwa kwa kifupi baadaye.

Vigezo

Wengi huyapanga maneno haya kama ngazi ya ubaya, kana kwamba "cruel" ni ubaya wa kawaida na "brutal" ni ubaya uliozidi. Hayako hivyo. Kila moja linaeleza jambo lake, na ya kuangalia ni matano.

La kwanza ni nia. Mtenda alitaka mwenzake aumie, alijua ataumia lakini alikuwa na lengo jingine, au maumivu ya mwenzake hayakumgusa kabisa? Kigezo hiki peke yake humaliza kesi nyingi. La pili ni kile kinachopewa sifa: mtu, tendo, kauli, au kitu kisicho na nia kama jua na ugonjwa. La tatu ni nguvu ya mwili: kuna kipigo na damu, au mtu ameumizwa bila kuguswa? La nne ni maneno yanayoandamana nalo, maana Kiingereza kina jozi zake zilizozoeleka, na ukizivunja msomaji anakwama hata kama hajui amekwamia wapi. La tano wengi hawalitarajii: je, neno linaweza kutumika kumsifia mtu?

Tukio moja kwa maneno yote

Chukua mpangaji wa chumba kimoja Tandale aliyelimbikiza kodi ya miezi miwili. Mwenye nyumba anataka atoke.

Akimpa notisi ya maandishi, siku zikaisha, akamtolea vyombo nje mchana kweupe huku akijua mke wa mpangaji ana mimba ya miezi minane, kwa sababu yuko mtu mwingine aliyekwisha lipia chumba miezi sita, huyo ni "ruthless". Hana haja ya mtu kuteseka. Ana haja ya chumba.

Akiambiwa kwamba mtoto wa mpangaji ana homa kali, akajibu "hayo ya kwenu" bila kuinua macho kwenye simu, hiyo ni "callous".

Akisubiri mvua ya masika ikolee usiku ndipo ang'oe mlango, familia ihangaike mbele ya majirani, hiyo ni "cruel". Mlango ungeweza kung'olewa asubuhi. Usiku umechaguliwa.

Akija na vijana wenye marungu, mpangaji akatoka na mkono uliovunjika, hiyo ni "brutal". Hapa hatuna haja ya kuuliza alikuwa anawaza nini. Kipigo chenyewe kinatosha.

Na kama alivuta kiti akarekodi yote huku anacheka, "sadistic" linaanza kupiga hodi, ingawa neno hilo lina masharti yake.

Tendo moja linaweza kustahili maneno mawili. "Brutal" na "cruel" hukaa pamoja bila ugomvi. "Callous" na "sadistic" kwa mtu mmoja na tendo lile lile hugombana, kwa kuwa huwezi kutojali maumivu ya mtu na papo hapo ukayafurahia. Ripoti inayoyaweka yote mawili kwenye sentensi moja inaonyesha kuwa mwandishi alikuwa anatafuta uzito tu.

Kabla ya kuchagua: je, ni ukatili kweli?

Mara nyingi jibu sahihi haliko kwenye orodha yetu kabisa, na maneno matatu ya Kiswahili ndiyo yanayopotosha.

La kwanza ni "mkali". Mwalimu mkali ni "strict", adhabu kali ni "harsh" au "severe", mbwa mkali wa getini Masaki ni "fierce", dawa kali ni "strong", pilipili kali ni "hot", na singeli kali haihusiani na maumivu ya mtu, isipokuwa jirani anayetaka kulala. Hakuna hata mmoja hapo anayeitwa "cruel". Mwanafunzi anayeandika "our headmaster was cruel" akikusudia kwamba mkuu wa shule hakucheka na wachelewaji, amemshtaki mtu.

La pili ni "dhalimu". Dhuluma inahusu haki: kiwanja, mirathi, mshahara uliokaliwa. Mtu anaweza kudhulumiwa kwa tabasamu na karatasi zenye mihuri yote. Hapo Kiingereza kinataka "unjust" au "oppressive", na "cruel" huja tu kama kuna mateso juu ya dhuluma.

La tatu ndilo linaloharibu ripoti nyingi zaidi: "ukatili" lenyewe. Katika lugha ya serikali, polisi na mashirika, ukatili ndilo neno lililokubalika kwa kile Kiingereza kinachokiita "violence". Ukatili wa kijinsia ni "gender-based violence". Mpango wa taifa unaojulikana kwa kifupi kama MTAKUWWA, wa 2017/18 hadi 2021/22, ulikuwa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na jina lake la Kiingereza lina "violence". Kwa hiyo mama akieleza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwamba "nimefanyiwa ukatili", tafsiri ya ripoti ni "violence" au "abuse". Ukatili wa kimwili ni "physical violence", wa kingono ni "sexual violence", wa kisaikolojia ni "emotional abuse" au "psychological violence", na wa kiuchumi, mume anayechukua mshahara wote wa mke, ni "economic abuse". "Economic cruelty" humfanya mfadhili asome mara mbili.

Kihusishi nacho hufuata nomino yake. Tumezoea "ukatili dhidi ya", kwa hiyo kalamu huandika "cruelty against". "Violence" ndilo linalotaka "against". "Cruelty" linataka "to": ukatili dhidi ya wanyama ni "cruelty to animals".

Ila ukinukuu sheria, neno la sheria hulibadilishi. Kanuni ya Adhabu ina kosa la "cruelty to children" katika kifungu cha 169A, lililoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinautaja ukatili, wa mwili au wa akili, kuwa moja ya mambo yanayoweza kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika, na nomino ya Kiingereza hapo ni "cruelty". Usije ukaweka "violence" kwenye hati ya madai ya talaka kwa sababu umelizoea kwenye ripoti za mradi.

Cruel

*Nia.* Lazima iwepo, au angalau mtenda awe anajua anaumiza na anaendelea. Mtoto mdogo anayekosea hawi "cruel". Mtoto anayemwita mwenzake mlemavu jina la kejeli kila asubuhi ili darasa licheke, anakuwa.

*Linasifu nini.* Karibu kila kitu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mtu, tendo, mzaha, kauli, adhabu, hata kisicho na nia: "a cruel disease", "a cruel twist of fate". Kwa vitu visivyo na nia ni lugha ya hisia na hupendeza kwenye makala ya maombolezo. Kwenye taarifa ya kitaalamu ya hospitali haina nafasi.

*Mwili.* Si lazima. Mume asiyewahi kunyanyua mkono anaweza kuwa "a cruel husband" kwa maneno na kimya peke yake. Katika shauri la ndoa tofauti hii ina kazi: kuna "mental cruelty", hakuna "mental brutality".

*Linaandamana na.* "Cruel joke", "cruel irony", "cruel blow", "cruel treatment". Na kuna fungu lake la kisheria ambalo halichezewi: "cruel, inhuman or degrading". Limo katika kifungu cha 5 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948 na katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981. Mfasiri anayeona "cruel" limemchosha akaweka "brutal" amevunja fungu, na wakili wa upande wa pili atauliza limetoka wapi.

Hapa pana jambo la kwetu la kuangalia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(e), kwa Kiswahili inazungumzia kuteswa, kuadhibiwa kinyama, na adhabu za kumtweza au kumdhalilisha mtu. Kwa Kiingereza ina "torture" na "inhuman or degrading". "Cruel" halimo. Lakini katika kesi ya Mbushuu kuhusu adhabu ya kifo, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu mwaka 1994 alisema adhabu hiyo ni "cruel, inhuman and degrading" na inavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kuhusu sifa hizo tatu, lakini ikaona adhabu inalindwa na ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa maslahi ya umma. Ukiandika habari za adhabu ya kifo nchini, nukuu Katiba kwa maneno yake na hukumu kwa maneno yake, usiyachanganye. Na "cruel and unusual", inayosikika sana kwenye filamu, ni ya Marekani, marekebisho ya nane ya katiba yao, ya mwaka 1791, iliyotoka kwenye Hati ya Haki ya Uingereza ya 1689. Kwenye hoja ya mahakama ya Kisutu haina mwenyewe.

*Linapoharibika.* Kwenye kauli ya jumla isiyo na tendo. "He is a cruel man" bila kueleza alifanya nini ni shutuma tupu. Kulinganisha nako kuna utata wa herufi: Uingereza huandika "crueller" na "cruellest", Marekani "crueler" na "cruelest". Magazeti ya hapa hufuata Uingereza. Mradi wa fedha za Marekani huenda ukataka ya pili. Chagua moja, ishike hadi ukurasa wa mwisho.

*Linamfaa nani.* Mwandishi wa insha, wa makala za maisha, wa maandiko ya haki za binadamu na ya ustawi wa wanyama. Haliwezi kuwa sifa njema hata kidogo.

Brutal

*Nia.* Haiulizwi. Neno hili linatazama tendo kwa nje: nguvu iliyotumika ilizidi, ilikuwa ya kinyama. Mtu anayemwekea mwenzake sumu kwenye chai kwa miezi mitatu ni "cruel" sawasawa. "Brutal" halimfikii, kwa sababu hakuna kishindo.

*Linasifu nini.* Zaidi tendo na utawala: "a brutal attack", "a brutal murder", "a brutal regime". Ukimwita mtu "brutal", msomaji anaelewa anapiga. Kwa wale waliokulia kwenye "nduli Idi Amin", jozi ya Kiingereza iliyozoeleka ni "brutal dictator". Ukitafsiri nduli kwa "cruel" unampunguza.

*Linaandamana na.* "Brutal beating", "brutal crackdown", na nomino "police brutality", ambayo haibadilishwi kuwa "police cruelty" hata iweje. Kibaka akikamatwa Manzese akashushiwa mawe na matairi, "a brutal mob killing" ndiyo.

*Linapoharibika.* Limechakaa kwenye habari za mahakamani. Kila mauaji yanaitwa "brutal", kana kwamba yako mengine ya upole. Dawa ni kuandika jambo lenyewe: majeraha mangapi, kwa silaha gani, kama ripoti ya daktari au fomu ya polisi ya PF3 inavyosema. Baada ya hapo kivumishi hakina kazi tena. Upande mwingine, lugha ya mazungumzo imelilegeza: joto la Februari ni "brutal", foleni ya Mbagala jioni ni "brutal", ratiba ya mitihani ni "brutal". Halafu kuna "brutally honest", mtu anayekwambia ukweli bila sukari, na hiyo ni nusu lawama, nusu sifa. Yote hayo yanafaa kwenye ujumbe na makala nyepesi. Ripoti ikisema ukurasa wa 4 kwamba joto lilikuwa "brutal", msomaji atapunguza imani na "brutal" ya ukurasa wa 9 ambayo ina damu kweli.

Pembeni kidogo: majengo ya zege tupu yanayoitwa "brutalist" hayana ukatili wowote ndani yake. Jina linatoka kwenye neno la Kifaransa la zege lisilopakwa rangi wala plasta.

*Linamfaa nani.* Mwandishi wa habari za uhalifu na vita, na mtetezi anayeandika juu ya nguvu kupita kiasi ya vyombo vya dola, mradi ana maelezo ya kushikilia.

Ruthless

*Nia.* Ipo, lakini ni ya kitu kingine. Mtu anataka ushindi, faida, madaraka, na huruma haitamzuia. Mwenye daladala anayempokonya dereva gari siku ya pili ya hesabu pungufu, bila kusikiliza habari za foleni wala mafuta kupanda, ni "ruthless". Hamchukii dereva. Anaangalia hesabu.

"Ruth" ni neno la zamani la Kiingereza lenye maana ya huruma. Limekufa, limebaki ndani ya mchanganyiko huu tu. Ruthu wa kwenye Biblia hahusiki.

*Linasifu nini.* Watu, timu, kampuni, mbinu. Kitu kisicho na lengo hakiwezi kuwa "ruthless" katika maandishi ya kawaida. Jua la mchana linalochoma bila kupumzika ni "relentless".

*Mwili.* Si lazima, ingawa "a ruthless killer" ipo na maana yake ni muuaji asiyesita, kama wale wa kukodiwa.

*Linaandamana na.* "Ruthless efficiency", "ruthless ambition", "ruthless competitor". Na hapa ndipo sifa njema inapoingia, hasa michezoni. Yanga walipoifunga Simba 5-1 kwa Mkapa tarehe 5 Novemba 2023, kivumishi cha Kiingereza kinachokaa kwa washambuliaji ni "ruthless": kila nafasi waliitumia. "Cruel" ingegeuza maana, iwe ya shabiki wa Msimbazi anayelalamikia majaliwa. "Brutal" ingefaa kwa matokeo yenyewe, "a brutal scoreline", lakini ukisema mabeki walikuwa "brutal" umezungumzia rafu. Mhariri naye anaweza kuwa "ruthless" na makala yako akaikata nusu, na ukamshukuru.

*Linapoharibika.* Kwa sauti. Kwenye karatasi za wanafunzi linachanganywa na "reckless" na "restless". Bodaboda anayepita taa nyekundu ni "reckless", hajali hatari. Hana ushindani na mtu. Matamshi: "th" ni ile ya thelathini, wala si "s", na irabu ya kwanza ni "u" ndefu.

*Linamfaa nani.* Mwandishi wa biashara, siasa na michezo. Kwenye ripoti ya manusura litumike kwa tahadhari, kwa kuwa lina harufu ya kusifia ustadi wa mtenda. Mkuu wa mtandao wa kusafirisha watu, sawa. Baba anayemchoma mtoto mkono kwa kijiko cha moto, hapana. Huyo ni "cruel".

Callous

*Nia.* Hakuna ya kuumiza. Kuna baridi. Mateso yako mbele ya mtu, anayaona, hayamgusi.

*Linasifu nini.* Mtu, kauli, uamuzi, mtazamo. Basi limepinduka, abiria wako hospitali, na kampuni inaendelea kukata tiketi za safari ya jioni kana kwamba hakuna kilichotokea: "callous". Joto, ugonjwa na ajali haviwi "callous".

*Linaandamana na.* "Callous disregard", "callous indifference", "a callous remark". Kwa mtu anayelengwa, "towards".

*Linapoharibika.* Kwanza kwenye herufi. "Callous" ni kivumishi. "Callus", bila "o", ni sugu ya mkononi au kwenye nyayo. Yote mawili yametoka kwenye neno la Kilatini la ngozi iliyokomaa, na hutamkwa sawa, kwa hiyo kikagua tahajia cha kompyuta kinaweza kuyapitisha yote. Pili, sugu ya Kiswahili ikitumika kwa mtu haileti "callous". Mhalifu sugu ni "habitual offender" au "hardened criminal", na ugonjwa sugu ni "chronic". Tatu, uzembe si lazima uwe "callous". Nesi mmoja mwenye wodi ya wagonjwa arobaini aliyechelewa kumfikia wa mwisho hakuwa na baridi yoyote. Alikuwa peke yake. Kumwandika "callous" bila kuthibitisha kwamba alijua na akapuuza ni kumuonea.

*Linamfaa nani.* Anayeandika juu ya huduma, uongozi na uwajibikaji. Kwa kukosoa taasisi, hili mara nyingi hupiga pazuri kuliko "cruel", maana taasisi ni nadra kutaka mtu aumie. Kinachotokea ni kwamba jalada linakaa mezani.

Jamaa zao, kwa kifupi

"Sadistic" linatoka kwenye jina la Marquis de Sade, Mfaransa aliyefariki 1814. Sharti lake ni raha: mtenda anafurahia maumivu. Hilo ni dai juu ya moyo wa mtu. Lisiandikwe juu ya mshtakiwa ambaye shauri lake halijaisha, labda kama ni nukuu ya shahidi au ya hakimu yenye jina la msemaji. Kesi za kashfa huanzia kwenye vivumishi vya namna hii.

"Vicious" ni ukali wenye chuki na shambulio la ghafla: mbwa aliyekwisha ng'ata watu, uvumi wa kumchafua mtu, ugomvi wa mtandaoni. "Vicious circle" ni mzunguko mbaya usiokatika, kukopa kausha damu, mkopo wa riba kubwa, ili ulipe kausha damu nyingine, na haina ukatili wa mtu.

"Inhuman" na "inhumane" hutofautiana kwa herufi moja na kwa mkazo. La kwanza, mkazo katikati, ni la haki za binadamu. La pili, mkazo mwishoni, ni la hali na mbinu zisizo na huruma: kuku waliorundikwa kwenye tenga juani, ng'ombe waliofungwa miguu kwenye lori hadi machinjioni Vingunguti. Mada ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inalihitaji hili la pili.

"Savage" na "barbaric" yaache kama huna sababu nzito. Kwa karne nzima yalitumika kuwaelezea Waafrika na mila zao, na msomaji wa leo anayajua hayo. Sisi wa pwani hatuna cha kujitapa hapa, tukikumbuka watu wa bara tuliowaita "washenzi". Vijana mtandaoni wameligeuza "savage" kuwa pongezi kwa jibu kali. Liachwe huko huko.

"Mean" ni jepesi, la nyumbani na shuleni, lakini lina maana mbili: Marekani ni mtu mkorofi, mwenye roho mbaya, Uingereza mara nyingi ni bahili. "My uncle is mean" itasomwa kwa namna mbili London na Chicago.

"Heartless" hudanganya kwa sababu ya moyo. Kwetu asiye na moyo wa kazi amekata tamaa; huruma hukaa kwenye roho na utu. "Heartless" ni "hana utu", wala si "amevunjika moyo".

Kwa hali yako

Ripoti ya mradi au ya polisi: anza na "violence" na "abuse", taja aina, na vivumishi vyote vinne viweke akiba. Ukivitumia, viwe ndani ya nukuu ya manusura, na tafsiri yako ifuate alichosema, si ulichohisi.

Hati ya mahakama: neno la kifungu, basi. Kama kifungu kinasema "cruelty", matendo yaorodheshwe chini yake na tarehe.

Habari ya uhalifu: tukio la nguvu na damu ni "brutal", mara moja, na lisiwe kwenye kichwa na tena kwenye aya ya kwanza. Kama mtenda aliupanga uchungu wenyewe, "cruel". Kama hujui nia, usiikisie. "Brutal" halikudai uijue.

Makala juu ya hospitali, shule, halmashauri au kampuni: jiulize kama waliumiza kwa kukusudia, kwa kufuata faida, au kwa kutojali. Majibu hayo matatu ndiyo "cruel", "ruthless" na "callous", kwa mpangilio huo. Ukishindwa kujibu, andika kilichotokea bila kivumishi.

Mtihani: jaribu kielezi kabla ya kivumishi. "Cruelly mocked", "brutally beaten", "ruthlessly exploited", "callously ignored": alidhihakiwa, alipigwa, alinyonywa, alipuuzwa. Kitenzi chako kikiangukia kwenye moja ya hivyo vinne, neno umelipata. Ukibaki na shaka, "cruel" ndilo lenye hatari ndogo kwenye insha, mradi hukumaanisha mkali.

Maandishi ya chini ya filamu ni kazi ya peke yake, kwa kuwa mstari una nafasi ya herufi arobaini na kidogo na mtazamaji ana sekunde chache. Mwigizaji akipiga kelele "Katili wewe!", usiandike "Cruel you!", Waingereza hawatukanani hivyo. "You monster!" inabeba hasira ile ile. "Una roho mbaya" kutoka kwa mtoto ni "You're so mean". Kutoka kwa mke anayefunga begi, "You're heartless". Na mama mkwe akisema polepole, bila kupaza sauti, "mwanangu, huo ni ukatili", hapo "cruel" linarudi mahali pake: "That's cruel, my child."